Mjomba aliyeweza kubana pumzi, na majani tuliyomnywesha

Mjomba wangu alikua mzamiaji wa pweza, na kama umekulia Mikindani unajua mzamiaji wa pweza ni mtu wa namna gani. Anaingia na miwani yake ya mpira na chuma mkononi, hana mtungi wala nini, anazama anapekua mawe huko chini, we uko juu kwenye ngalawa unahesabu, unafika themanini, unafika mia unaanza kupata wasiwasi, unafika mia na kumi, mara kichwa kinaibuka upande mwingine kabisa na pweza kamng'ang'ania mkononi. Nilihesabu sana nikiwa mdogo, ndo ilikua kazi yangu kwenye ngalawa. Hesabu kubwa kuliko zote niliyowahi kuifikisha ilikua mia na ishirini na kitu, yani dakika mbili nzima mtu hajavuta hewa.

Mtu huyohuyo alipigwa kiharusi, ubongo wake ukakosa oksijeni akiwa amekaa barazani kwake, nchi kavu, upepo wa bahari unampiga usoni na mapafu yanafanya kazi kama kawaida.

Hiki kitu kilinisumbua miezi mingi. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, nawachorea watoto moyo na mishipa ubaoni kila mwaka, na bado siku ile sikufanya lolote la maana, nilichofanya ni kuchukua chupa ya mafuta ya habasoda na kupanda bodaboda. Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimesoma sana habari za mimea na ubongo unaokosa hewa, na nimegundua mambo mawili yaliyo kweli kwa pamoja, ambayo watu hawapendi kuyaweka kwenye sentensi moja. Mimea ina kitu cha kweli kabisa ndani yake. Na mimea ndo iliyokula masaa ya mjomba.

Ilikua Jumapili ya mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umepamba moto. Karudi kuswali alfajiri, kakaa barazani anashona wavu. Mkewe anasema sindano ilianguka, akainama kuiokota kwa mkono wa kulia mkono ukagoma, akajaribu kuongea likatoka neno ambalo halipo kwenye lugha yoyote, na mdomo umevutwa kushoto. Saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo naijua kwa sababu simu yangu iliita dakika chache baadae.

Nilipofika watu wameshajaa. Wazee wanasema upepo mbaya umempiga, mwingine anasema ni mambo ya kule baharini, kuna mtu kashatumwa kumfuata mganga. Na kuna jambo moja ambalo mtu asiye wa huku kwetu anaweza asilielewe. Kwetu mjomba ndo mwenye neno la mwisho, ndoa, mashamba, unyago, msiba, mgonjwa apelekwe wapi, vyote anaulizwa mjomba. Sasa siku ambayo mwenye neno la mwisho hawezi kutamka neno, hakuna aliyethubutu kusema "twendeni". Kila mtu anamtazama mwenzie. Na kwenye ukimya ule ambacho kila mtu anaweza kufanya bila kuomba ruhusa ni kuleta dawa, mmoja analeta hiki, mwingine kile, unajiona umefanya kitu. Mimi nikampaka habasoda mkono mzima. Mama yangu akaponda majani ya mlonge, akakamua, akachanganya na asali, akamnywesha kwa kijiko. Mjomba akapaliwa. Tukamwinua, akakohoa kikohozi cha majimaji, akatulia, tukampa tena.

Hospitali tulifika Jumatatu mchana. Daktari, kijana tu, akaniuliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akatazama saa ya ukutani. "Leo?" Nikamwambia jana. Hakugomba, aliandika tu. Halafu akauliza, "Mmempa kitu chochote mdomoni?"

Nimelirudia lile swali kichwani labda mara elfu.

Sasa nirudi kwenye fumbo la pumzi, maana ukilielewa hili mengine yote yanajipanga. Mzamiaji akibana pumzi damu yake haijasimama, inaendelea kuzunguka, na ina oksijeni ya akiba, kwenye damu yenyewe, kwenye mapafu, kwenye misuli. Mwili una akili ya ajabu, uso ukigusa maji tu mapigo ya moyo yanapungua, mishipa ya mikono na miguu inajibana ili damu ibaki kwa ajili ya moyo na ubongo. Kuna watu wa bahari kule Indonesia wanaitwa Wabajau, mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo kwamba bandama lao ni kubwa kwa kama asilimia 50 kuliko la majirani zao wasiozamia, na bandama ni ghala la damu yenye oksijeni. Nikimfikiria mjomba na miaka yake yote ya kuzama, naona mwili wake ulikua umezoea kugawa hewa kidogo kidogo.

Lakini kiharusi, wengi siku hizi wanasema stroki, hakichukui hewa kwenye mapafu. Kinafunga mfereji. Damu iliyoganda inakwama kwenye mshipa mmoja wa kichwani, na kile kipande cha ubongo kilichokua kinanyweshwa na mshipa ule kinakosa vyote kwa mpigo, oksijeni hamna, sukari hamna, na uchafu wake hauna pa kutokea. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauweki akiba. Kila seli yake ina pampu ndogo ndogo zinazotoa chumvi nje usiku na mchana, kama mtu anayechota maji na kuyamwaga nje ya ngalawa inayovuja, na pampu hizo zinatumia nguvu inayotokana na oksijeni. Hewa ikikatika mchotaji anaacha kazi. Seli inavimba, inamwaga kemikali inaitwa glutameti, ambayo kwa kawaida ni ya kupashana habari, sasa inamwagika nyingi mpaka inawaunguza majirani, wanafungua milango, kalisiamu inaingia ndani kama maji ya bamvua na kuanza kuvunja seli kutokea ndani. Na hata mshipa ukifunguka hewa ikarudi, inarudi kwa fujo, zinazaliwa chembe kali zinazochoma kila kinachoguswa. Ndo maana watafiti wanashika vichwa, kukosa hewa kunaua na kurudishiwa hewa nako kuna madhara yake.

Wataalamu walishapiga hesabu, kwenye kiharusi cha mshipa mkubwa mtu anapoteza wastani wa seli milioni 1.9 za ubongo kila dakika bila matibabu. Kila saa moja ni sawa na ubongo kuzeeka miaka 3.6. Na kwa wastani kazi yote hiyo ya uharibifu inachukua kama masaa 10. Sisi tulikaa masaa 30. Maana ake Jumapili ile ile jioni, wakati mganga anamaliza kufukiza, kwa sehemu kubwa mambo yalikua yameshaisha.

Ila haifi yote kwa pamoja, na hapo ndo penye matumaini na ndo mimea inapoingia. Umeshawahi kuona shamba la mikorosho lililopitiwa na moto wa kiangazi? Ile ya katikati inakua mkaa, hamna kitu. Ya pembeni majani yamebabuka, unaweza kudhani imekufa, lakini ukikwangua shina kwa kucha unakuta ubichi. Ubongo uko hivo. Kuna kiini kilichokufa ndani ya dakika chache, na kuna ukingo mpana unaozunguka kiini, seli zimenyamaza lakini ziko hai, zinapata damu kidogo ya kuibia kutoka mishipa ya jirani. Ule ukingo ndo unaogombaniwa. Dawa yoyote ya kulinda ubongo, iwe ya kiwandani au ya shambani, inacheza kwenye ukingo ule na kwa masaa tu.

Habasoda ina kitu kinaitwa thaimokwinoni. Manjano ina kurkumini. Komamanga, zabibu, hata karanga zetu za Nachingwea zina jamii ya kemikali zinaitwa polifenoli. Zamani walidhani hivi vitu vinafanya kazi kama polisi, vinakamata zile chembe kali moja moja. Siku hizi maelezo yamebadilika na mimi nayapenda zaidi haya mapya. Mmea hutengeneza nyingi ya kemikali hizo kujilinda na wadudu na jua kali, ndo maana nyingi ni chungu au zinawasha. Zikiingia mwilini mwetu kwa kiasi kidogo seli inaziona kama uchokozi, inashtuka, inawasha ulinzi wake wa ndani na kuanza kutengeneza silaha zake yenyewe. Yani mmea hauji kukupigania, unakuja kukuamsha. Kwa panya hili limeonekana mara nyingi sana. Wanamfunga panya mshipa wa ubongo, aliyepewa thaimokwinoni au kurkumini eneo linalokufa linakua dogo kuliko la mwenzie asiyepewa. Hata mlonge umejaribiwa hivo hivo na ukaonesha dalili nzuri.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nililia, nikajiambia basi mama alikua sahihi. Halafu nikaendelea kusoma.

Panya wa maabara ni kijana, mzima, hana presha ya miaka kumi aliyoacha kunywea vidonge kwa sababu "najisikia vizuri". Mshipa wake unafungwa saa inayojulikana na kufunguliwa saa inayojulikana. Na mara nyingi sana ile dawa ya mmea anapewa siku kadhaa kabla ya kufungwa mshipa, au dakika chache baada. Nani kati yetu anajua siku yake ya kiharusi ili aanze dozi wiki moja kabla? Halafu kuna kiasi. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya manjano. Chukua panya anayepewa miligramu 100 za kurkumini kwa kila kilo ya mwili wake, ukibadilisha kwa kanuni wanayotumia watafiti kuhamisha dozi ya panya kwenda kwa binadamu, mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 1.1 za kurkumini. Kurkumini kwenye unga wa manjano ni kama asilimia 3 tu. Inakuja kama gramu 37 za unga, vijiko vinne vitano vya chakula, kila siku, na hapo utumbo unaitupa sehemu kubwa kabla haijafika hata kwenye damu achilia mbali ubongo. Mwaka 1998 watafiti wa India walionesha kwamba ukichanganya na kiini cha pilipili manga kiasi kinachoingia kwenye damu kinapanda mara 20, na bibi zetu wanaopika mchuzi wa manjano na pilipili manga walikua wameshafika huko bila maabara, lakini pilipili manga hiyo hiyo inapandisha na dawa nyingine za hospitali kwenye damu, mtu anaweza kuzidiwa na dozi ya kawaida.

Mwaka 2006 kuna watafiti walikusanya orodha ya vitu vyote vilivyowahi kujaribiwa kutibu kiharusi, vya mimea na vya kiwandani, wakapata 1,026. Vilivyofika kujaribiwa kwa binadamu ni 114. Vingi vilikua vimeokoa panya. Ginko, ule mti wa China unaouzwa kwa bei kubwa mpaka huku kama dawa ya kumbukumbu, ulijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069, matokeo yakatoka 2008, haukuzuia usahaulifu wa uzeeni.

Kwa hiyo hamna kitu? Hapana, na ndo nilitaka tufike hapa.

Kuna mboga inaitwa seleri, ile yenye harufu kali wanaweka kwenye supu mahotelini. Kwenye mbegu zake kuna kitu kinaitwa butilifthalaidi. Wachina waliisoma miaka na miaka, sasa inatengenezwa kiwandani, na mwaka 2002 serikali yao ikairuhusu kuwa dawa ya kiharusi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 1,216. Waliopewa dawa, asilimia 56.7 walikua na hali nzuri baada ya siku 90. Waliopewa maji matupu yanayofanana nayo, asilimia 44. Ukiwa na ndugu aliyelala kitandani hizo asilimia kumi na kitu si namba, ni mtu anayejivalisha shati mwenyewe.

Ila soma masharti. Wote walikua wameanza matibabu ndani ya masaa 6. Na wote, wa dawa na wa maji, walikua wanapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au wanavutwa lile bonge kwa waya mwembamba. Yani kwanza mlango unafunguliwa, damu inapita, halafu mbegu ya seleri inakuja kulinda ukingo usiungue. Hakuna aliyepewa seleri peke yake barazani. Hicho ndo nilikua sikijui siku ile na chupa yangu mfukoni.

Na kuna ile ya kijiko. Kiharusi mara nyingi kinalegeza koo, mtu hamezi sawasawa, kinachoingia mdomoni kinaenda kwenye mapafu. Kile kikohozi cha majimaji kilikua maji ya mlonge yanaingia kifuani. Siku ya tatu mjomba akawa na nimonia. Ubongo unalia hewa, sisi tunajaza maji kwenye mfuko wa hewa, kwa mapenzi yote, na asali juu. Kwa hiyo likimtokea mtu wako, mdomo umepinda, mkono umeanguka, maneno yamekorogeka, hata kama ni moja tu kati ya hayo, usimpe kitu mdomoni, si dawa si maji si uji, na usikimbilie aspirini maana kiharusi kingine ni mshipa uliopasuka na aspirini itaongeza kuvuja, hata kitunguu saumu kwa wingi kinafanya damu iwe nyepesi. Mpaka wapige picha ya kichwa ndo inajulikana ni kipi. Mlaze kwa ubavu kama amelegea, tazama saa, iandike, ondokeni. Sio kila hospitali ina ile dawa ya kuyeyusha, lakini kushusha presha kwa mpango, kupima sukari, kumpima kumeza na kumpa oksijeni ikishuka, hivyo navyo vinaokoa ule ukingo.

Mwaka 2002 huo huo ambao China waliruhusu dawa ya seleri, sisi tulipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Pale Muhimbili kazi ya kuchunguza dawa za asili ilianza tangu 1974. Najiuliza sana kuhusu Rondo, ule msitu wa juu kule Lindi, wenye mimea ambayo haipatikani kwingine duniani, na wazee wa Kimwera na Kimakonde wanaoijua kwa majina wanazidi kupungua. Watu wa kusini tunajua uchungu wa kitu chetu kwenda kusomwa mbali, mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yani yule dainosari wa kale, iko Berlin zaidi ya miaka mia moja sasa. Natamani dawa ya ukingo wa ubongo ije itoke kwenye mti wa Rondo, ipimwe hapa hapa kwa binadamu, kwa masaa, kwa namba. Tunayo mifano ya kujipima vizuri. Watoto wanaozaliwa bila kulia nao ni ubongo unaokosa hewa, na wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa kumfuta, kumchangamsha na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya siku ya kwanza vikapungua kwa asilimia 47, yalichapishwa 2013. Komamanga kwa mama mjamzito imelinda ubongo wa vitoto vya panya, jambo zuri, ila dakika ile ya kwanza haisubiri tunda.

Nyumbani sijamkataza mtu habasoda. Mjomba anakunywa chai ya tangawizi, mlonge anakula kama mboga na nazi, na daktari wake anajua kila kinachoingia. Kidonge cha presha namhesabia mwenyewe, kila siku, kwa sababu utafiti uliofanyika Dar na wilaya ya Hai kule Kilimanjaro kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi Dar kiko juu mno, na presha isiyotibiwa ni moja ya vitu vinavyotajwa kila mara. Mama alichukua muda mrefu kunisamehe nilivyomwambia habari ya kijiko, nadhani ilibidi kwanza ajisamehe yeye.

Mkono wa kulia umerudi nusu. Maneno yamerudi lakini mazito, anayatafuta. Mwezi uliopita aliomba nimshushe pwani, maji yamejaa kidogo, tukaingia mpaka kiunoni, kanishika bega kwa ule mkono dhaifu. Akanitazama bila kusema, akainamisha uso ndani ya maji. Nikaanza kuhesabu kwa sauti kama zamani kwenye ngalawa. Kumi. Kumi na tano. Kwenye ishirini na tatu akaibuka, anatiririka, anahema.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tatu, mjomba."

Akavuta hewa, akalitafuta neno, akalipata. "Tena."